Mama Niliyemfuta kwa Kidole

Nina umri wa miaka thelathini na minne, ni mama wa watoto wawili, na kwetu ni Vihiga. Kitengela nilikuja kutafuta kazi nikiwa msichana, nikapanga chumba, nikaolewa, nikabaki. Ukinikuta kanisani Jumapili nikiimba na akina mama wenzangu, utadhani sina neno moyoni. Wasomaji wenzangu, ninalo! Na leo nalitoa, hata kama mtanichukia.

Kwa miaka kadhaa niliajiriwa katika kampuni ndogo ya matangazo iliyokuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Tulitangaza chochote kilicholipiwa: saluni, shule za chekechea, wauzaji wa matangi, hoteli za nyama choma. Mwenzangu wa karibu pale ofisini alikuwa Naserian, mwanamke wa Kimaasai ambaye kwao ni ndani ndani ya Isinya.

Naserian ndiye aliyepokea wateja wapya. Na alikuwa na mtindo wake! Mteja akija, kwanza anakunywa chai. Kisha Naserian anapanga siku ya kwenda kwake, aone biashara kwa macho, aongee na watu anaowakuta pale. Kila mahali aliuliza swali lile lile: nani anaishi hapa? Akisharidhika ndipo mkataba unawekwa sahihi na kazi inaanza.

Chai yenyewe ilikuwa ya maziwa ya mama yake. Kila Jumatatu Naserian alikuja na kidumu kutoka nyumbani, maziwa mazito yenye harufu ya moshi, na ofisi nzima tulikunywa wiki nzima. Mama huyo sikuwa nimemwona hata siku moja, lakini alinijua kwa jina. Alikuwa akituma salamu. Naserian alinialika kwao Krismasi, akanialika Pasaka, akanialika mwanawe alipobatizwa. Kila mara nilikuwa na sababu. Nilituma sukari na majani ya chai, nikajiona nimefanya la maana... Mbona sikwenda hata mara moja?

Basi mambo yakaanza kuwa magumu. Wateja walituacha wakaenda kwa kampuni za Nairobi ambazo zinatoa tangazo siku hiyo hiyo. Bosi wetu, Mutiso, aliniita faraghani akaniuliza wakati wetu unapotelea wapi. Nilijua jibu analolitaka. Nikamwambia ni hizo ziara za Naserian.

Sikusema kwa uchungu wala kwa chuki. Nilisema kwa sababu nilitaka cheo, na huo ndio ukweli!

Mutiso akanipa kazi ya kutengeneza utaratibu mpya. Niliifanya kwa bidii ambayo sijawahi kuitia katika kitu kingine. Mteja anatumiwa kiungo kwenye simu, anajibu maswali machache, anatuma picha zake na kitambulisho, analipa, na kesho yake tangazo liko hewani. Mwanzoni niliacha lile swali la nani anaishi hapa libaki. Mteja mmoja akalalamika kuwa maswali ni mengi, nami nikaliondoa. Nilijisifu kwa kila mtu kwamba siku hizi mteja anamaliza kuandikishwa kabla chai yake haijapoa... na chai yenyewe hatukumpa tena.

Kwenye mkutano wa wafanyakazi, Naserian alisimama. Aliniangalia mimi, hakumwangalia bosi.

"Eva, mtu hujui kwake, utamtangaza aje?"

Nikamjibu kwamba sisi si machifu wala si wachungaji wa kanisa, hatuna haja ya kutembelea watu kwa boma. Watu wakacheka. Nami nikacheka! Naserian akakaa chini, akafunga daftari lake, na mkataba wake ulipokwisha haukuongezwa. Siku aliyoondoka alibeba kidumu chake kitupu na kikombe chake cha bluu. Alinikumbatia mlangoni. Alinikumbatia, wasomaji, mimi niliyemfukuzisha, kwa sababu hakujua ni nani aliyemtaja kwa bosi.

Nikapewa cheo. Meneja wa wateja! Mume wangu alinunua soda tukasherehekea.

Haikupita muda akaja mteja aliyetaka kutangaza ploti. Sikuonana naye uso kwa uso, maana utaratibu wangu haukutaka hivyo. Alijiandikisha kwa jina la kampuni ya mashamba, akatuma nakala za kitambulisho na hatimiliki ambazo sikuzisoma, akalipa bila kubishana, akatuma na picha. Ilikuwa ardhi nzuri, tambarare, na kilima kidogo nyuma chenye mgongo uliopinda.

Lakini kwenye picha palikuwa na nyumba ya mabati, zizi la miiba, na mbuzi wachache. Na mbele ya nyumba alisimama mwanamke mzee aliyejifunga shuka nyekundu, mkono umeinuliwa usoni kukinga jua, akimtazama mtu aliyekuwa akimpiga picha.

Hapo moyo wangu ulishtuka kidogo. Nakiri kwamba ulishtuka! Nikampigia simu yule mteja, nikamuuliza habari ya nyumba.

"Hiyo ni ya caretaker tu, madam," alisema. "Itatoka. Wewe toa kila kitu, watu wa Nairobi wanataka kuona shamba clean."

Ningeweza kumuuliza mlinzi gani wa shamba anafuga mbuzi na kujenga zizi. Ningeweza kupanda pikipiki nikaenda kuangalia, maana hata si mbali. Badala yake nilifungua ile programu ya kusafisha picha kwenye simu. Unapitisha kidole juu ya kitu usichokitaka, na majani yanajaa mahali pake. Nikafuta zizi. Nikafuta mbuzi. Nikafuta nyumba... Kisha nikampitishia yule mama kidole, kuanzia kichwani hadi miguuni, naye akatoweka.

Kazi hiyo niliifanya nikiwa nakula mahindi ya kuchoma.

Tangazo lile lilishika moto. Ploti ziliisha upesi kuliko zozote tulizowahi kutangaza, na Mutiso akatupeleka wote kula nyama. Alisimama akasema huo ndio utaratibu wa Eva. Nikapigiwa makofi, na lile tangazo nikalihifadhi kwenye simu yangu ili niwaonyeshe wateja wapya kazi yetu.

Kisha Naserian akapiga simu. Nilidhani anataka kunisalimia. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama mtu anayeongea akiwa msibani.

"Eva, kuna tingatinga hapa kwa mama. Watu wanasema wameona shamba kwa tangazo ya ofisi yenu. Ni nani alileta?"

Nikakaa kwenye ngazi za ofisi. Nikamtajia ile kampuni ya mashamba. Alinitaka nilirudie. Halafu akasema kwamba hilo jina ni la kaka yake, Lemayian. Ndilo alilotumia zamani alipokuwa dalali.

Mambo yalikuwa hivi. Marehemu baba yao, ardhi ilipogawanywa, aliandikisha shamba kwa jina la kifungua mimba wake ili awashikie wote, mama na watoto. Ni jambo la kawaida kwa familia nyingi za huku. Lemayian akalikatakata, akauza, akaondoka. Mama yake hakuambiwa neno. Alipoona mtu akipiga picha alidhani ametumwa na mwanawe anayetaka ukumbusho wa nyumbani, ndiyo maana alitoka nje akasimama.

Naserian akaniuliza kama kwenye picha tulizoletewa hatukuona nyumba. Kama hatukumwona mtu.

Nikamwambia hatukuona kitu.

Mungu wangu! Hata leo nikiyaandika maneno hayo naona aibu. Huyu ni rafiki aliyenilelea mtoto nilipolazwa. Naye akasema sawa Eva, asante, nilikuwa nauliza tu.

Walihangaika. Walikwenda kwa chifu, wakaenda kwa wazee, wakaenda ofisi ya ardhi Kajiado, wakapata na wakili. Wanunuzi nao walikuwa na karatasi zao na walikuwa wametoa jasho lao, si watu wabaya. Kesi ipo mpaka leo, inaahirishwa na kuahirishwa. Wakati huo shamba lilizungushiwa nyaya, nyumba ikaangushwa, ng'ombe wakauzwa kwa kukosa malisho. Nilipomwambia Mutiso kwamba ni kwa kina Naserian, alishusha pumzi, akasema yeye ni mtu wa matangazo tu, mambo ya familia hayajui. Nilimkasirikia... lakini nilikuwa namkasirikia kwa nini? Hayo ndiyo maneno niliyowafundisha wote!

Nilikaa na siri hiyo miezi mingi. Nilikonda. Kwaya ikiimba nilikuwa nafungua mdomo tu. Wateja walipojiandikisha, nilikuwa natazama picha zao nikitafuta watu nyuma, kwenye madirisha, kwenye vivuli. Mwishowe niliacha kazi, na wiki hiyo hiyo nikaenda Kajiado mjini, ambako Naserian alikuwa amepanga chumba kimoja akiishi na mwanawe na mama yake.

Nilimwambia yote mlangoni, kabla sijakaribishwa, nikiogopa kwamba nikiketi nitanyamaza. Nilimwambia nani alimtaja kwa bosi. Nilimwambia nilimwona mama kwenye picha, na nilivyomtoa, na jinsi nilivyomdanganya kwenye simu. Naserian hakunipiga wala hakupiga kelele. Alisema kitu ambacho kimenikaa mpaka leo.

"Lemayian alijulia kwangu. Siku nilifutwa nililia hapo kwa mama, nikasema hawa watu siku hizi hawatembelei mtu, ni simu tu. Yeye alikuwa amekaa hapo anakula. Kama mngekuwa mnatembelea watu, hangewaletea."

Kisha akanipisha nikaingia.

Mama alikuwa ameketi kwenye kitanda, karibu na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Ni mwembamba, macho makali, shuka ile ile nyekundu.

"Takwenya, yeyo," nilimsalimia mama kwa Kimaa, lugha yao, kama Naserian alivyonifundisha zamani.

"Iko," akaitikia. Kisha akauliza kwa Kiswahili chake, "Ni wewe Eva wa sukari? Umekawia sana."

Nililia! Akamwambia binti yake anipe chai. Ilikuwa chai ya maziwa ya pakiti, na nikainywa yote.

Naserian alimweleza kwa Kimaa nililolifanya. Alieleza polepole, na mama alisikiliza bila kuniondolea macho. Alipomaliza, nilingoja laana. Kwa kweli niliitaka. Lakini mama aliuliza kama ile picha bado ninayo. Nyumba ilipoangushwa hawakuwa na picha hata moja ya nyumbani, na alitaka wajukuu wake waione.

Wasomaji, utaratibu wangu ulikuwa unafuta picha za mwanzo mara tangazo likishatoka, ili kompyuta za ofisi zisijae. Mimi mwenyewe ndiye niliyeupanga hivyo. Kilichobaki ni lile tangazo kwenye simu yangu.

Nikampa simu. Aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na dirisha.

"Hiyo kilima mimi najua," alisema. "Ni kwangu." Akatafuta kwa kidole juu ya kioo cha simu, pale penye majani, akitafuta taratibu bila haraka. Kisha akaniangalia. "Sasa mimi niko wapi?"

Siku hizi natengeneza matangazo madogo ya wenye vibanda hapa Kitengela. Siandiki neno kabla sijafika kwa mtu, nikaketi, nikauliza nani anaishi hapo. Wengine wananiona mchelewaji na wananikimbia. Waende tu.

Nawasihi nyinyi mnaofanya kazi kwa haraka, mnaosifiwa kwa kuwaondolea watu usumbufu: moyo ukishtuka hata kidogo, simama. Toka, nenda ukaone. Na rafiki akikualika kwao, nenda akiwa bado ana kwao. Mimi kila Jumatatu napeleka maziwa Kajiado, na mama huyapokea na kunibariki, na lile swali lake hajaniuliza tena. Nami bado sijamjibu.