Jumamosi Mbili za Israël

Inès alikutana na Israël kwenye duka la simu lililojaa watu, mtaani Clairwood, wiki ile ligi ya vyuo ilipoanza. Alikuwa ametoka saluni, rasta mpya hadi kiunoni, simu imepasuka kioo. Fundi alikuwa kijana wa Kikongo mwenye jezi ya kijani ya golikipa wa chuo; aliipokea simu, akamtania kwamba mikono yake haijawahi kuangusha kitu kizuri. Kufikia mwezi wa sita ilikuwa “mon cœur”, moyo wangu, asubuhi na “mon cœur” jioni.

Tabu ilikuwa Jumamosi. Kila Jumamosi mechi, na Inès alichoka kupendwa siku sita kwa wiki. Kisha ikaja Jumamosi ya posa. Wazee watatu wa Israël walifika mtaa wa Queensburgh na suti zao na kreti za soda, nyumbani kwa Ladislas, mjomba wake Inès, Mrundi asiyependa mchezo. Mposaji mwenyewe hakuonekana. Alikuwa anadaka nusu fainali! Mjomba aliwarudisha na kreti zao. Inès alivua kitenge huku analia kwa hasira, na wiki mbili nzima hakupokea simu ya Israël.

Siku ya kumi na tano akapokea.

“Chérie, kwetu mwanaume haendaki,” Israël alisema. “Wazee ndiyo wanaendaka, yeye anangoja.”

“Kwetu asiyekuja hataki.”

“Sasa mbona hukuniambia?”

“Na wewe mbona hukuuliza? Eish, Israël.”

Wiki mbili zimeenda bure, na mjomba alikuwa ametoa siku moja tu ya mwisho: Jumamosi, saa nane. Saa ya fainali. Israël alimsihi amwombe mjomba asogeze siku. Inès alikataa katakata. Amechoka kumsemea kila mara.

Jumamosi, saa nane kasoro, Israël aliingia na suti nyeusi, akakaa kati ya wazee wake. Saa tisa na nusu wazee walikuwa bado wanasalimiana. Simu ikatetemeka, akaichungulia: kipa wa akiba amefungwa manne. Machozi yakamtoka mbele ya wakwe.

“Huyu kijana anapenda kweli,” mjomba alisema, naye akatafuta leso. Kisha, kama desturi inavyotaka kabla posa haijapokelewa, akamgeukia Inès. “Unamjua huyu?”

Inès alijua vizuri kinachomliza, na kikamchoma. Alimtazama Israël muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

“Namjua, tonton,” alisema. “Ni huyu huyu.”