Kiu Chini ya Pevingi

Lukresia alimwaga beseni la maji ya nepi mlangoni, akasubiri yateremke kwenda mferejini kama maji ya watu wengine wote wa Kibosho. Hayakuteremka. Yalisimama kidogo juu ya pevingi mpya nyekundu, kisha yakageuka, yakapanda. Yalipanda polepole hadi katikati ya uwanja, hatua tatu kutoka mlangoni, na hapo yakaisha, pevingi zikabaki kavu. Hapakuwa na ufa wala tundu. Ilisikika sauti tu, ndogo, ya koo linalomeza.

Alimwita mumewe. Primus alitoka na mswaki mdomoni, akatazama, akasema fundi kakosea mteremko.

"Baba Kindness, maji yamepanda."

"Si ndiyo nakwambia? Mteremko umekosewa," alisema Primus, akarudi ndani kusukutua.

Huyo ndiye Primus. Mwonyeshe nyumba inaungua, atauliza nani aliacha jiko limewaka.

Uwanja wenyewe ulikuwa mdogo, wa kutosha gari moja na viti vya wageni kumi, na kila masika ulikuwa tope tupu. Wazo la kuweka pevingi lilikuwa la wote wawili. Ugomvi ulikuja kwenye kuchagua. Jumamosi mbili nzima walizunguka kwenye kiwanja cha mfyatuaji mmoja wa pevingi kando ya barabara ya Himo, Lukresia akiwa na mtoto mgongoni. Yeye alitaka zile zenye matundu, zinazoacha nyasi ziote katikati na ardhi ipate pa kunywea. Primus alitaka zile zinazoshikana kama meno, na chini yake zege la sentimita kumi, asione hata jani moja. Desemba kaka yake angekuja kutoka Dar, aone kwamba na huku juu watu wanaishi.

"Na Meku?" Lukresia alimuuliza palepale, kwa sauti ya chini. "Pale mahali pake?"

"Meku amekufa. Na sisi ni watu wa kanisa."

Meku Filemon alikuwa baba yake Primus, na alikuwa mtu wa kanisa kuliko mwanawe. Alisali jumuiya kila wiki. Lakini kila ilipopikwa mbege, pombe ya ndizi na ulezi, nyumbani, kata ya kwanza aliimwaga chini, hatua tatu kutoka mlangoni, kwa ajili ya baba zake, ndipo wengine wakanywa. Mwaka jana, alipokuwa kitandani anamalizika, alimshika Primus mkono mbele ya Lukresia akamwambia, "Na mimi mtaninyweshea pale." Primus akaitikia, ndiyo baba. Kisha akaenda akapamwagia zege. Lukresia alikasirika mpaka akakosa usingizi, lakini mwenye kuagiza lori alikuwa mumewe, na mumewe alishaagiza.

Baada ya maji yakafuata maziwa. Ndoo ya maziwa ya ng'ombe iliyofunikwa jioni ilikutwa asubuhi tupu, imekauka kama imefutwa na kitambaa. Pipa la maji ya mvua likashuka nusu kwa siku moja. Chai ikaisha ndani ya chupa iliyofungwa. Na kila adhuhuri, jua likiwaka, harufu ilipanda kutoka kwenye maungio ya pevingi: ulezi uliochacha, na juu yake ugoro, ule ugoro aliovuta Meku maisha yake yote. Primus alilaumu paka. Akalaumu majirani. Siku ya tatu akamlaumu Lukresia kwamba hafuniki vitu, na Lukresia akalia jikoni, kwa hasira zaidi kuliko hofu.

Ndipo fundi Vedastus akaitwa aje arekebishe mteremko. Aling'oa pevingi sita pale katikati, akalipiga zege kwa tindo hadi akapata tundu la kuingiza mkono. Ilikuwa Aprili, Kibosho nzima inateleza. Vedastus alitoa mkono wake umejaa vumbi jeupe, kavu, laini kama majivu. Alilitazama. Akaziba tundu kwa saruji, akarudisha pevingi zake moja moja, akakusanya vifaa.

"Bosi, hii siyo ya fundi," alisema, na tangu siku hiyo simu yake haikupatikana.

Jumatano iliyofuata ukungu ulishuka mchana hadi kwenye migomba. Lukresia alijilaza na Kindness, binti yao wa miezi minne, mtoto akalala amempa mgongo, na yeye mwenyewe alikuwa anaanza kusinzia aliposikia ile harufu ya ugoro inapita chini ya mlango, inatambaa sakafuni, inapanda kitandani, na kabla hajapata nguvu ya kukaa alihisi titi lake la kushoto linavutwa, si kwa pupa ya mtoto mchanga bali taratibu, kwa subira, kama mzee anayejua kwamba kata imejaa na hakuna wa kumharakisha, na alipogeuza macho akamwona Kindness bado amelala upande ule mwingine, ngumi mdomoni, na kifuani pake hapakuwa na mtu.

Alipiga kelele. Hakuna aliyesikia.

Kufikia Jumapili hakuwa na maziwa kabisa. Alikwenda kwa mama yake Moshi mjini, akakaa siku tatu, na kule nako harufu ikamfuata hadi chumbani. Kliniki, mstari wa Kindness kwenye kadi ulikuwa umeshuka, nesi akamwambia anywe uji mwingi. Alikunywa uji mpaka tumbo likauma. Mtoto alilia hadi sauti ikakauka, kisha akaacha kulia, na hapo ndipo Lukresia alipoogopa kweli.

Lukresia aliporudi nyumbani, Primus alinunua maziwa ya kopo. Akayakoroga mwenyewe, akamshika binti yake, akapeleka kikombe mdomoni. Kilipofika kilikuwa kitupu. Akakoroga tena. Mara hii aliyaona maziwa yanavyoshuka ndani ya kikombe, mkononi mwake, midomo ya mtoto bado iko mbali. Alikaa chini sakafuni, huku bado ameshika kikombe.

"Nimpigie shangazi?" alinong'ona.

"Tangu tunachagua pevingi nakwambia habari ya Meku," alisema Lukresia.

Shangazi Margareta, dada yake Meku, alifika asubuhi na kibuyu cha mbege. Hakukanyaga pevingi. Alipita pembeni kabisa, ameshika ukuta.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Nipe huyo mtoto." Alimpakata Kindness, akampima uzito kwa mikono, uso ukambadilika. "Nani alichagua haya mawe?"

Lukresia alimtazama mumewe. Primus alitazama viatu vyake.

"Kaka yangu ana kiu," alisema Shangazi kwa sauti ya chini. "Mmemfunika mdomo. Vunja."

Primus alivunja. Alipiga sururu hadi viganja vikatoka damu, mpaka udongo ukaonekana, upana wa sinia. Shangazi akapiga magoti, akajaza kata, akamwaga. "Meku, pokea. Watoto wamekosa. Pokea."

Mbege ilisimama. Ilikaa juu ya udongo ule mkavu na povu lake, nzi akatua. Shangazi akamwaga kata ya pili. Ikafurika, ikafuata maungio ya pevingi, ikateremka vizuri hadi mferejini. Mteremko haukuwa na kosa lolote.

"Hataki," alisema Shangazi. "Mmechelewa. Mmeshamzoesha kitu kingine."

"Kesho naleta zile zenye matundu," Primus alianza, "nang'oa zote, naweka..."

"Nyamaza, Baba Kindness."

Lukresia alipiga magoti penye udongo, akafungua gauni. Titi la kushoto, ambalo siku nane halikutoa hata tone, lilianza kutiririka kabla hajaligusa. Udongo ukawa mweusi. Chini wakasikia koo linameza, wote watatu, na lilimeza kwa muda mrefu. Lilipotosheka, harufu ya ugoro ikaondoka, na Lukresia akampa binti yake titi la kulia. Kindness alinyonya hadi akalala.

Wakaishi hivyo. Kila alfajiri kushoto kwa Meku, halafu kulia kwa mtoto. Kindness alinenepa, mstari ukapanda, na nesi kliniki alimsifu mama, akamwambia wengi humwachisha mtoto akifika miaka miwili.

Kesho yake, kabla ya chai, Lukresia alimwambia mumewe kwamba lazima wapate mtoto mwingine kabla Kindness hajafika miaka miwili, maziwa yasikatike, na baada ya huyo, mwingine tena.

"Mpaka lini?" aliuliza Primus.

Lukresia alikuwa ameshapiga magoti penye udongo, anahangaika na vifungo, maana siku hiyo alikuwa amechelewa kidogo, na chini ya udongo Meku Filemon alikuwa ameanza kulia, kwa sauti nyembamba ya mtoto mchanga.