Nywele Katika Buku la Boma

Asubuhi ile Dadi, karani wa kutunza mabuku katika boma la Wajerumani pale Morogoro, alifungua stoo yake kama kawaida, akafuta vumbi, akapanga mabuku kwa miaka yake. Kazi aliijua, hilo tusimnyime. Bwana shauri, yule Mzungu mkuu wa boma, akitaka jina la mtu, Dadi alilipata kabla kahawa haijapoa. Ujanja wake ulikuwa kidole gumba: alikilowesha ulimini, akafunua ukurasa, akakilowesha tena. Mzungu alichukizwa na mchezo huo mpaka akamwekea sifongo ya maji mezani. Sifongo ikakauka hapohapo.

Ndipo akaingia Paskalia, mama mzee wa milimani, mara ya tatu mwezi ule. Dadi hakumpa shikamoo, ingawa alikuwa na umri wa kumzaa. Alizitazama nywele zake tu, zimesokotana, zimejaa majivu, zinanuka jasho la zamani. Kwao aliyefiwa hanyoi mpaka matanga yaanuliwe. Na matanga ya mwanawe Kasiani, miezi minane sasa, hata kuwekwa yalikuwa hayajawekwa.

"Nisomee tena, mwanangu," alinong'ona.

Dadi akalowesha kidole. "Kasiani. Kibarua wa shamba la katani. Amehama."

"Stefano, kibarua mwenzake, alimzika kwa mikono yake. Lakini wajomba wanasema buku la boma limeandika yu hai, na mtu aliye hai haliliwi. Andika amekufa, baba. Nimlilie mwanangu, ninyoe, nipumzike."

"Nenda nyumbani, mama."

Dadi alijua. Vibarua thelathini na mmoja walikufa kwa kuhara msimu mmoja, na nyapara wa shamba alimwomba awaandike wote wamehama, wakubwa wasije kukagua. Akamletea paja la mbuzi. Dadi alilichoma, akalila, akalamba vidole vilevile vilivyoandika. Mtu mzima na akili zake!

Paskalia aliweka kiganja juu ya ukurasa. "Basi msiba huu utautunza wewe," alisema taratibu. "Si ndiyo kazi yako, kutunza?" Akatoka, na Dadi akashukuru moyoni kwamba harufu yake imeondoka.

Haikuondoka. Alipolowesha kidole kufunua ukurasa uliofuata, kitu kilimkwama ulimini. Unywele. Akauvuta. Ukaja. Akaendelea kuuvuta, nao ukaendelea kuja, mrefu kama mkono, mweusi, umelowa. Mwishoni palikuwa na kipande cheupe cha ngozi.

Alitapika ndani ya ndoo ya wino mbovu. Kisha akarudi kuangalia buku, kwa kuwa mtunza mabuku ni mtunza mabuku. Penye jina la Kasiani karatasi ilikuwa imevimba. Ilikuwa laini. Ilikuwa na joto. Vinyweleo vilikuwa vimeota juu yake, vifupi, vimesimama, na chini yake ukurasa ulitoa jasho.

Siku nne Dadi hakula. Kila tonge alilotafuna lilikuwa na nywele, na mkewe Mwajuma alilichambua bakuli lake asione hata mmoja. "Zimo mdomoni mwako," alimnong'oneza siku ya nne, akasogeza mkeka wake mbali. Dadi alijichukia. Alikumbuka mafuta ya mbuzi yakimchuruzika mkononi, akajichukia zaidi.

Siku ya tano alikata neno "amehama", akaandika "amekufa". Nywele zikadondoka zenyewe, karatasi ikalala. Akaandika cheti, akagonga muhuri wa boma, akapanda nacho mlimani kwa miguu. Wajomba walikipokea, wakakigeuza huku na huku, wakaukubali muhuri. Matanga yakawekwa. Yalipoanuliwa, Paskalia alinyolewa, na kichwa chake kikang'aa juani.

"Shikamoo, mama," Dadi alisema, macho chini.

"Marahaba." Kisha akamsogelea sikioni. "Na wale wenzake?"

Dadi alirudi bomani mbio. Hakuhitaji kulowesha kidole. Buku lilikuwa limefunguka lenyewe, limeinuka kama mkate ulioumuka, na majina thelathini yalikuwa yameota nywele. Akashika kalamu. Amekufa. Amekufa. Amekufa. Alikuwa amefika jina la kumi na mbili pale nyapara alipoingia na bwana shauri nyuma yake.

Walimchapa viboko ishirini na tano uani kwa kosa la kuharibu buku la serikali, wakamfukuza kazi. Hakulia. Alipofungua mdomo, waliokuwa karibu waliona vitu vyeusi vimejisokota chini ya ulimi wake, wakatazama pembeni.

Buku lile lilichomwa moto. Harufu yake ilikuwa ya kichwa kinachoungua, na boma zima lilifunga madirisha. Karani mpya, Leonard, kijana safi wa misheni, alipewa buku jipya na orodha ya nyapara. Akanakili kwa mwandiko mzuri: Kasiani, amehama. Na wenzake thelathini, wamehama.

Alipomaliza alitaka kuhakiki. Sifongo ilikuwa kavu. Akatoa ulimi, akalowesha kidole, akafunua ukurasa wa kwanza wa buku ambalo halijapata kuguswa na mtu mwingine.

Katikati ya karatasi, juu ya wino ambao haujakauka, ulilala unywele mmoja mrefu. Mzizi wake ulikuwa bado mbichi.