Furushi Lisilochemka

Kila siku baada ya masomo, Chiriku alikwenda kwenye ukumbi wa shule kuchemsha bandeji. Jina hilo la utani alipewa na mama yake, kwa kuwa binti huyo wa miaka kumi na miwili alisema kuliko redio, na redio angalau huzimwa. Tangu vita vianze, akina mama wa mtaa walijitolea pale ukumbini. Wengine walichana mashuka makuukuu, wengine walikunja, wengine walichochea moto.

Msimamizi wao alikuwa muuguzi mstaafu. Walimwita Bibi Saa, maana alipima kila kitu kwa dakika, hata salamu. Bandeji zichemke dakika ishirini, zianikwe juani, kisha aliyezichemsha afunge furushi kwa mafundo mawili, alama ya kuwa zimechemka barabara. Hospitali ya majeruhi haikuwa na kuni za kuchemsha tena. Wauguzi wakiona mafundo mawili, walifungua na kumfunga mgonjwa papo hapo.

Siku hiyo sufuria ya Chiriku ilikuwa imechemka dakika tano tu king'ora kilipolia. Kililia kwa ukali hata kuku wa mtaa mzima, nasikia, hawakutaga wiki nzima. Watu wakakimbilia handaki la uani. Chiriku alijikunyata gizani, mikono masikioni. Ndege zikapita juu. Ardhi ikatikisika, udongo ukamwagika shingoni mwake.

Walipotoka, moto ulikuwa umezimika na maji ni vuguvugu. Kuuwasha tena kulimaanisha kukaa dakika ishirini kwenye jiko la ukumbi, chini ya paa la mabati. Je, ndege zikirudi? Kamba ya kuanikia ilikuwa uani, hatua mbili tu kutoka handakini. Chiriku akazikamua bandeji, akazianika. Zilipokauka akafunga furushi, fundo la kwanza, fundo la pili, akalitumbukiza kwenye sanduku pamoja na mengine.

Saa kumi na moja dereva wa lori akafika.

"Haya, akina mama, nipeni mzigo! Leo napeleka wodi ya waliojeruhiwa miguu."

Moyo wa Chiriku ukapiga paa! Mjomba wake, mdogo wa mama, alikuwa amelazwa wodi hiyo na kidonda cha goti. Akilini akaona bandeji chafu ikizungushwa kwenye goti lile. Akasogelea sanduku, akayatazama mafurushi.

"Chiriku kanyamaza?" mama mmoja, mshonaji, akatania. "Leo jua limechomoza magharibi!"

Wenzake wakacheka. Bibi Saa hakucheka. "Una nini, mjukuu wangu?"

"Bibi... furushi langu halikuchemka dakika ishirini. King'ora kililia, nikaogopa kurudi jikoni."

"Ni lipi?"

"Sijui, Bibi. Yote yanafanana."



"Mafurushi sitini!" mshonaji akashika kichwa. "Mtoto, umetumaliza!"

"Mimi naondoka," dereva akasema, akitazama angani. "Ndege zikinikuta njiani, nani atanililia?"

"Baba, ukiondoka na haya, umebeba ugonjwa uliofungwa vizuri," Bibi Saa akamjibu. "Zima injini, uje upasue kuni."

Dereva akanung'unika, lakini akavua koti. Majiko yote yakawashwa, mafurushi yote sitini yakafunguliwa. Kwa kuwa jua lilikuwa linazama, bandeji zilikaushwa kwa pasi za mkaa. Chiriku alisimama kando ya sufuria yake, akihesabu dakika kwa sauti. Kila upepo ulipogonga bati, alishtuka. Hakuondoka.

Lori lilipotoka langoni, Bibi Saa akaketi naye kizingitini.

"Ulikuwa unaogopa?"

"Sana, Bibi. Hata sasa naogopa."

"Hata mimi. Handakini nilikuwa nimeng'ang'ania sketi ya mshonaji, muulize, karibu niichane. Woga si kosa, mwanangu. Ungeniambia, ningekaa nawe pale jikoni. Kosa lako ni kumpa mgonjwa neno la uongo, naye amelala, hana namna ya kulikagua. Lakini umesema kabla lori halijaondoka, na hilo nalo lilitaka ujasiri."

Chiriku akafuta machozi. "Kesho utaniruhusu kuja?"

"Uje mapema." Akamshika mkono, wakaanza kutembea kuelekea nyumbani. "Mwoga tunaweza kumshika mkono. Mwongo hatujui tumshike wapi."