Kamba ya Kengele ya Plouvern

Soazig alikuwa akikaanga chapati nyembamba za ngano nyeusi wingu zito lilipotokeza juu ya kilima. Hakulitazama wingu. Alimtazama mumewe, Hervé, mpiga kengele wa kanisa la kijiji cha Plouvern. Ngurumo ikisikika tu, kazi ya Hervé ilikuwa kukimbilia mnarani na kuivuta kamba kwa nguvu zote, ili mlio wa kengele uifukuze radi. Ndivyo walivyofanya tangu enzi za mababu. Mwaka uliopita, kaka yake Hervé alipigwa na radi akiwa ameishika kamba hiyo. Watu wakasema alichelewa kuanza.

Siku hiyo wingu lilipita. Jioni alikuja Tanguy, fundi wa saa ya kanisa, kunywa mvinyo wa tufaha.

“Fundi, hebu nieleze,” Soazig alisema. “Kama radi inaogopa kengele, mbona inawaua wapiga kengele?”

Tanguy akacheka. “Kamuulize padri, uone atakavyotoka jasho!”

“Sitanii mie. Nina mume mmoja tu.”

Tanguy akaacha kucheka. Alitoa kipande cha nta ngumu ya kufungia barua, akakisugua kwenye soksi yake ya sufi. Akakisogeza karibu na vinyoya vya kuku. Vinyoya vikaruka, vikanata.

“Mchawi wewe!”

“Uchawi gani, shemeji? Huu ni umeme. Radi nayo ni umeme huohuo, ila mwingi mno. Hupenda kushukia kitu kirefu, kama mnara. Kamba ikilowa mvua, inaupitisha mpaka mikononi mwa mtu.”

“Umejuaje?”

“Kule Paris watu wamejaribu, wakaona. Lakini usiniamini kwa kuwa nimesema mimi. Ulizia mwenyewe.”

Soazig akaulizia. Jumamosi tatu mfululizo aliwahoji sokoni wauza siagi waliotoka parokia za jirani. Minara minne ilikuwa imepigwa na radi. Katika yote minne, kengele zilikuwa zikilia radi ilipopiga.

Akamweleza mumewe.

“Kwa hiyo kaka hakuchelewa?”

“Hakuchelewa.”

Hervé akafunika uso kwa mikono, akalia.

Jumanne iliyofuata, kabla ya adhuhuri, mbingu ziliwaka kwa radi. Majirani wakaja kugonga mlango kwa ngumi.

“Hervé! Piga kengele, utatuua!”

“Au mkeo kakufungia ndani?”

Hervé akainuka, akashika komeo. Soazig akasimama kando yake.

“Siwezi kukuzuia,” alisema. “Ila minara minne, Hervé. Minne!”

Hervé akaliachia komeo. Papo hapo nuru kali ikajaa nyumbani, na kishindo kikatikisa vyombo.

Mvua ilipokatika, wote walikwenda kanisani. Kamba ilikuwa imeungua, nyeusi tii, kutoka juu mpaka pale mikono inaposhika. Waliokuwa wakimkejeli Hervé wakavua kofia.

Padri mwenyewe ndiye aliyemwita mhunzi. Juu ya mnara, kama Tanguy alivyowaelekeza, waliweka fimbo ya chuma iliyochongoka. Waya mnene ukateremka ukutani hadi kwenye udongo wenye unyevu, ili umeme upate njia ya kushuka bila kumpitia mtu.

Mwaka uliofuata radi ililipiga kanisa tena. Umeme ukafuata waya, ukaishia ardhini. Halikudondoka hata jiwe moja. Soazig alikuwa nyumbani, amemshika mumewe mkono. Mkono ulikuwa na joto, mkono wa mtu aliye hai.