Ukuta Uliolamba Siri

Asubuhi ya siku ya nne, kadi zilitoka sandukuni zikiwa zimelowa.

Mchoraji alitazama dari, akaliona kavu. Sanduku alilichonga mwenyewe, akaliweka mlangoni mwa ukumbi wa maonyesho: andika siri yako, usiandike jina, tumbukiza. Kila kulipokucha alilifungua, akazibandika kadi ukutani kwa pini, na watu wakapanga foleni kusoma aibu za wenzao. Wengine walilia. Wengine walicheka mpaka wakashika mbavu.

Akanusa kadi moja. Ilinuka kinywa chenye jino bovu, na alipoitenganisha na mwenzake ulivutika uzi mrefu wa ute.

"Usinishike na mikono hiyo," alisema Mama Deki, msafishaji wa ukumbi, akirudi nyuma na ndoo yake. "Na huo ukuta wako nimeufuta mara tatu tangu nifike. Unateleza kama bamia. Nikiupa mgongo nasikia mtu ananyonya vidole."

"Labda bomba limepasuka."

"Bomba halina meno, mwanangu. Kaangalie kadi za chini."

Kadi za chini zilikuwa zimetafunwa pembe.

Mchana, ukumbi ulipofungwa watu wakale, Mchoraji alibaki peke yake. Akasikia kitu kinalamba, taratibu, kwa raha, kama ng'ombe na ndama wake. Sauti ilitoka sandukuni. Akainama, akaweka jicho kwenye tundu, na mle ndani, juu ya karatasi, palikuwa na ulimi mpana wa rangi ya maji ya kuoshea vyombo, wenye vinyweleo kama vya kwapani, unapita na kurudi juu ya kadi moja tu, na kadi hiyo aliitambua kwa mwandiko, maana ilikuwa ya kwake, aliyoiacha humo tangu siku ya kwanza kwa kuona haya kuibandika, na ulimi ulipohisi pumzi yake ukasimama, ukajikunja, ukasema kwa sauti yake yeye mwenyewe, kwa upole, kama anayembembeleza mtoto: "Ya kwako ndiyo tamu kuliko zote."

Alikimbia mpaka nyumbani, alikoishi na dada yake mkubwa, fundi cherehani. Dada akamwekea chakula. Tonge la kwanza halikushuka. Alikohoa, na juu ya sahani likaanguka donge la karatasi iliyotafunwa, la uvuguvugu, limesukwa na nywele. Dada akalikunjua kwa ncha ya sindano. *Mtoto si wa mume wangu.* Likaja la pili. *Nilimsukuma ngazini.* Miandiko ya watu wengine.

"Umekula nini?" dada alinong'ona.

"Sijala. Nalishwa."

Kesho yake Mchoraji alirudi ukumbini na dada yake, na Mama Deki akamleta mganga, mama mwembamba mwenye miwani, aliyetapika mlangoni kabla hata hajasalimia.

"Jini huyu hakutumwa na mtu," alisema akijifuta. "Kaja kwa harufu. Siri iliyoachwa bila mwenyewe ni mzoga kwake, na nyinyi mmemwandalia karamu."

"Tuzichome?"

"Ukichoma atakula moshi, na moshi mtauvuta nyote. Kila mwenye siri aitamke kwa mdomo wake, mbele ya yule aliyemficha. Anza wewe. Kwako ameshafika kooni."

Mchoraji akamgeukia dada yake. Hakuweza kumtazama usoni, akatazama vidole vyake vilivyojaa alama za sindano.

"Siku ile aliyokufa mama, zamu ilikuwa yangu. Alijichafua, akaita. Nikasikia harufu, nikashikwa na kinyaa, nikafunga mlango, nikaongeza sauti ya redio. Niliporudi jioni alikuwa ameshakata roho, na sisimizi wako kwenye vidonda vya mgongo wake. Wajomba walipouliza zamu ilikuwa ya nani, nikasema yako. Nawe ukaamini umekosea siku. Miaka sita, dada, nimekuona unalia, nikanyamaza."

Dada hakupiga kelele. Aliuliza neno moja tu.

"Aliita nani?"

"Alikuita wewe."

Hapo Mchoraji akashika ukuta, mikono ikateleza kwenye ute, na kutoka kinywani mwake kikaanza kushuka kitu kirefu, cha baridi, kilichokuwa kinajivuta chenyewe, nywele na karatasi na mate pamoja, mpaka kikaanguka sakafuni puu, kikapinda kama ruba, kikapanda ukutani na kujichomeka nyuma ya kadi za watu wengine.

"Kwako ametoka," alisema mganga. "Bado hao."

Siku hiyohiyo dada alikwenda kwa wajomba, na Mchoraji akamfuata hatua kumi nyuma, akayarudia maneno yale mbele yao.

Mlangoni pa ukumbi walibandika tangazo: kila mtu aje achukue kadi yake, akaiseme. Watu walikuja. Walisimama ng'ambo ya barabara, wakatazamana ni nani atakayeingia kwanza, wakarudi makwao. Ukumbi ukapigwa kufuli. Siku hizi ukuta wake umevimba kuelekea njiani, umejaa nzi, na mlio wa kulamba unasikika mchana kweupe. Wapita njia huziba pua, hukohoa, hutema, huharakisha.

Mama Deki ndiye anayefagia vidonge vya karatasi wanavyoacha. Hajawahi kukunjua hata kimoja. Juzi alikohoa mwenyewe, akatema kimoja kiganjani, akatazama huku na huku, akakimeza tena.