Spana Mfukoni mwa Ovaroli

Mama fundi cherehani hakuwahi kutia nguo majini bila kukagua mifuko. Asubuhi hiyo ya Jumamosi ovaroli ya binti yake ilikuwa nzito upande mmoja. Akatia mkono, akatoa spana ndogo.

"We mtoto! Umeanza kuihamisha karakana kidogo kidogo?"

Binti alikuja mbio. Alipoiona spana, akajishika kichwa. Alikuwa mwanafunzi wa sekondari, na shuleni kwao walifundisha matengenezo ya ndege. Nafasi zilikuwa chache. Yake aliipata kwa jasho.

"Jana nilitoka mbio kukwepa mvua, nikasahau kuirudisha. Usimwambie mtu, mama. Jumatatu nitaitundika kimyakimya. Wakijua, watanifukuza."

Mama alitaka kukubali. Spana yenyewe kitu gani? Lakini jirani yao, mwanamke fundi wa ndege, alikuwa akianika nguo hapo uani, na masikioni hakutia pamba.

"Jirani, hiyo si spana, ni ndege nzima," alisema. "Kila kifaa cha karakana kimechorewa umbo lake ukutani, pale kinapotundikwa. Umbo likibaki tupu, hujui kifaa kiko wapi. Huenda kimo ndani ya ndege, kikwamishe usukani angani. Kwa hiyo ndege hairuki mpaka kipatikane. Wewe ukimshonea bibi harusi gauni, sindano ikapotea, utampa avae?"

"Avae nini! Nitalifumua lote."

"Basi huko karakana wanafumua ndege sasa hivi."

Mama akamgeukia binti. "Chukua simu. Mpigie mwalimu."

"Mama, nafasi yangu..."

"Na roho za watu je? Piga!"

Mwalimu alisema neno moja tu: "Njooni."

Karakana walikuta viti vya ndege vimetolewa nje. Wanafunzi wenzake walikuwa wametambaa mpaka magoti yakawa meusi. Binti akainua spana.

"Nilikuwa nayo mimi. Kosa ni langu."

"Afadhali ilikuwa kwako kuliko kwenye usukani!" mmoja alifoka, wengine wakacheka kwa uchovu.

Mwalimu hakucheka. "Itundike mwenyewe. Angeificha mtu, ningemtoa. Aliyesema, namfundisha. Kuanzia leo hatoki mtu hapa kabla hujakagua ukuta huu. Hata mimi usinionee haya. Sasa rudisha viti."

Siku hizi ndege ya mafunzo ikipita juu ya paa, mama huondoa pini mdomoni.

"Ukuta ulijaa?"

"Ulijaa, mama."

"Basi na iruke."